Sikuchelewa

Mhadhiri wetu wa Upimaji, somo la kutunga mitihani pale chuo cha ualimu, tulimwita Nusu. Halikuwa jina la kumtukana, lilikuwa jina la kazi. Ukichelewa kukusanya kazi ya muhula, unakwenda ofisini kwake, unasimama mlangoni kama mgeni wa msiba, unasubiri amalize chai yake, halafu anakuambia uandike barua. Barua ina maneno yake maalumu, na anayataja mwenyewe huku wewe ukiandika: "Mimi niliyechelewa kwa uzembe wangu, naomba radhi." Unatia saini. Naye anachukua kalamu, anakupa nusu ya alama zote, ishirini kati ya arobaini, na maisha yanaendelea. Kazi yenyewe haisomwi. Inatupwa juu ya kabati pamoja na nyingine za miaka iliyopita, na huko juu nadhani kuna panya wameshahitimu ualimu.

Kumi na sita ndiyo ilikuwa kizingiti. Ukiwa chini ya hapo huruhusiwi kuingia kwenye mtihani wa mwisho, na usipoingia unarudia mwaka mzima. Kwa hiyo watu walimpenda Nusu. Waliochelewa walimpenda kuliko waliowahi, maana waliowahi kazi zao zilisomwa, na kalamu yake nyekundu haikuwa na urafiki na mtu.

Mimi sikuwa na neno naye mpaka siku aliponiambia niandike uzembe.

Kazi aliyotupa ilikuwa hivi: tunga jaribio la darasa la nne, lipeleke kwa watoto wa kweli, walifanye, ulisahihishe, kisha ueleze ni maswali yapi yalikuwa mazuri na yapi yalikuwa mabaya, na kwa nini. Niliipenda kazi ile mpaka nikajishangaa. Kabla ya kuja chuoni nilishafundisha miaka bila cheti, nikiitwa mwalimu na watoto na kuitwa "yule dada" na walimu wenye vyeti vyao. Chumba cha darasa nilikijua. Nikarudi shuleni kwangu, nikawapa watoto jaribio, nikakaa na karatasi zao mezani kwa dada yangu, katikati ya vitana na mafuta ya nywele, nikiandika na kufuta na kuandika tena. Nilipomaliza nilijiona mtu.

Tangazo alilibandika mwenyewe kwenye mlango wa ofisi yake, kwa kompyuta, herufi nene: "Mwisho wa kukusanya kazi ni Ijumaa saa 12:00." Chini ya tangazo palikuwa na sanduku la mbao lenye tundu juu na kufuli pembeni.

Sasa wewe unayesoma, hebu lisome hilo tangazo kwa sauti. Usiangalie simu. Umesema saa ngapi? Umesema saa kumi na mbili, kama nilivyosema mimi. Na kwa kuwa hakuna chuo kinachokusanya kazi alfajiri majogoo wakiwika, ilikuwa ni saa kumi na mbili jioni, wakati ambao mlinzi hufunga jengo kila siku ya Mungu. Lilikuwa tangazo lenye akili kuliko matangazo mengi ya pale chuoni.

Nilifika saa tisa alasiri, kazi yangu imefungwa vizuri ndani ya jalada la plastiki, kifua mbele. Sanduku halikuwepo. Mwenzangu mmoja tunayemwita Chekacheka, kwa sababu alishawahi kuangua kicheko katikati ya mtihani kimya kimetanda, alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, kazi yake mapajani. Siku hiyo hakuwa anacheka.

"Wamelichukua," akaniambia.

"Saa ngapi?"

"Saa sita."

"Saa sita ya nini?"

"Ya mchana. Eti ile kumi na mbili aliyoandika ni ile ya kwenye simu."

Nilimwangalia nikidhani ananitania. Kisha nikaona wengine wanakuja koridoni, mmoja mmoja, wawili wawili, kila mmoja na jalada lake mkononi, na kila mmoja akifika anatazama sakafu pale sanduku lilipokuwa. Tulinaswa karibu nusu ya darasa.

Sisi tangu utotoni tunafanya hesabu moja bila kujua kwamba ni hesabu. Simu inaandika saba, wewe unasema saa moja. Inaandika kumi, unasema saa nne. Macho yanaona hivi, mdomo unasema vile, na hakuna anayekosea kwa sababu kila mtu anajua kwamba simu ina lugha yake. Lakini ukishaandika neno saa mbele ya tarakimu, umetoka kwenye simu, umeingia kwenye Kiswahili, na huko kumi na mbili ni kumi na mbili. Nusu alikuwa ameweka mguu mmoja huku na mwingine kule, halafu sisi ndio tukaambiwa tumeteleza.

Jumatatu koridoni kulikuwa na foleni ya barua kama foleni ya maji. Watu walikuwa wamekuja na kalamu zao kabisa. Chekacheka alinipokea kwa furaha, kicheko chake kimesharudi.

"Ni mistari miwili tu, shoga yangu. Unaandika, unasahau."

Zamu yangu ikafika. Ofisi ilinuka karatasi za zamani na tangawizi. Nusu alikuwa ameinua miwani juu ya paji la uso, kikombe chake kimefunikwa kwa kisahani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karatasi hiyo hapo. Andika: Mimi niliyechelewa kwa uzembe wangu..."

"Mwalimu, sikuchelewa."

Akashusha miwani. "Kumbe sanduku ndilo liliwahi?"

Watu wa foleni nyuma yangu wakacheka. Ni jambo la kawaida, mtu anayengoja kusamehewa hucheka haraka.

"Tangazo lilisema saa kumi na mbili, mwalimu. Mimi nilifika saa tisa."

"Binti, tazama saa ile ya ukutani. Kumi na mbili iko wapi?"

"Iko juu."

"Haya. Mshale ukifika hapo juu, inakuwa saa ngapi?"

"Saa sita, mwalimu."

Nyuma yangu mtu akakohoa kwa namna ambayo haikuwa kikohozi. Nusu alifunua kikombe, akatazama chai yake, akakifunika tena.

"Unataka alama au unataka ubishi?"

"Nataka kazi yangu isomwe."

"Wenzako wote hawa wameandika barua. Wewe una nini cha pekee?"

"Sina cha pekee. Ila sikuwa mzembe, na siwezi kuandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba nilikuwa mzembe."

"Sawa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, ambao ndio ulioniudhi. "Basi utarudia mwaka ukiwa si mzembe. Anayefuata!"

Dada yangu ni msusi. Anasukia sebuleni, na mimi tangu nianze chuo nakaa kwake, nakula kwake, nasoma kwa jasho la vidole vyake. Nilipomweleza alikuwa ameshika kichwa cha mteja, na hakuacha kusuka hata kidogo.

"Neno moja tu ndilo linakushinda?"

"Si neno moja, dada. Ni uongo."

"Hayo magoti yako yana dhahabu hata yasipigwe? Mimi kila siku naambiwa mkono wangu mzito, tena na watu ambao vichwa vyao vimesahau kitana. Nasema pole, nasuka, wanaondoka."

"Mie simo," akasema mteja.

"Wewe ukisema pole, nywele zinasukwa," nikamjibu dada. "Mimi nikisema pole, kazi yangu inatupwa juu ya kabati. Hakuna atakayejua niliandika nini. Hata mimi nitasahau."

Hapo vidole vyake vikasimama. Akanitazama kupitia kioo, si moja kwa moja, kama anavyofanya akiwa na jambo zito.

"Mdogo wangu, nisikilize. Mwaka huu nimeubeba. Wa pili siuwezi. Usipoingia kwenye huo mtihani, urudi ukafundishe bila cheti mpaka uzeeke, na usinilaumu."

Niliogopa, na sitaki kujifanya sikuogopa. Niliingia jikoni, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa, na kila sufuria niliyoisugua nilijiambia kesho nitakwenda kuandika ile barua. Lakini kila nikifika kwenye lile neno, uzembe, mkono wangu wa kuwazia ulikuwa unagoma. Niliwakumbuka wale walimu wenye vyeti, walivyokuwa wakiniachia madarasa yao wakaenda zao sokoni, na mwisho wa mwezi wakaniita yule dada. Nikaona kama nitaandika lile neno, nitakuwa nimewapa haki.

Siku ya mhadhara nilipita mlangoni kwa Nusu kabla ya kuingia darasani. Tangazo bado lilikuwepo, kona moja imeinuka. Nikalibandua, nikalikunja, nikaliweka kwenye daftari.

Siku hiyo, kama vile alikuwa ametumwa na maadui zake, Nusu alifundisha juu ya maelekezo ya mtihani. Alikuwa mwalimu mzuri akisahau kwamba ni mkubwa. Alitembea huku na huku, chaki mkononi, akisema mtunzi asimwachie mtahiniwa kazi ya kubahatisha alichokuwa akifikiri mtunzi.

"Nani ana mfano wa maelekezo? Yoyote. Hata ya kwenye boksi la dawa."

Nikanyanyua mkono. Nikaenda mbele, nikampa karatasi iliyokunjwa.

"Tusomee wewe, mwalimu. Sauti yako ndiyo inafika nyuma."

Watu hupenda kusifiwa sauti. Akaikunjua, akashusha miwani, akasoma kwa mwendo wa mhadhara, kila neno na haki yake:

"Mwisho wa kukusanya kazi ni Ijumaa, saa kumi na mbi..."

Akaishia hapo. Mdomo ulibaki umejiandaa kwa silabi ambayo haikuja. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale mbele. Kisha kutoka katikati ya safu kikapasuka kicheko cha Chekacheka, kile kile cha kwenye mtihani, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia.

Nusu alikunja karatasi mara nyingi mno, ikawa ndogo kama kidonge, akaitia mfukoni.

"Toka nje."

Nikachukua mkoba wangu. Nilipofika mlangoni nikageuka.

"Natoka, mwalimu. Ila ungemalizia neno."

Nilikaa kwenye benchi la barazani mpaka mhadhara ukaisha. Najua kuna watu wangeondoka, lakini niliona nikiondoka nitakuwa nimekimbia. Wenzangu walipita wakinitupia macho, wengine wakinipiga bega, wengine wakijifanya hawanifahamu. Yeye alitoka mwisho, vumbi la chaki kwenye mikono ya shati, akasimama mbele yangu. Kwa karibu alikuwa amechoka kuliko nilivyomzoea.

"Umenivua nguo mbele ya watoto."

"Wewe ulitaka nijivue mwenyewe, mwalimu. Kwa maandishi."

Akavuta pumzi. Nilidhani atanifokea, badala yake akakaa, upande wa pili wa benchi.

"Unajua mpo wangapi? Kila kazi kurasa kama kitabu. Nikizisoma zote, macho haya yataniaga kabla ya kustaafu. Anayechelewa ananipunguzia mzigo, na mimi nampunguzia wake. Ile nusu ni huruma, binti."

"Huruma kwa nani?"

Alitazama uwanjani, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete."

Nikamtolea kazi yangu. Nilikuwa naitembeza kila siku kwenye mkoba kama mtoto mchanga.

"Nitaisoma," akasema. "Lakini unisikilize vizuri. Sitakuonea huruma hata chembe. Ukipata kumi na tano, ni kumi na tano, unarudia mwaka. Mambo ya barua yameisha, usije mlangoni kwangu ukilia. Bado unataka niisome?"

Nilimwona dada kwenye kioo chake. Ishirini zilikuwa pale, za bure, za uhakika, zikiningoja niseme neno moja tu.

"Isome," nikasema.

Matokeo yalibandikwa juma lililofuata. Nilipitisha kidole kwenye karatasi ya tulioitwa wachelewaji: ishirini, ishirini, ishirini, ishirini, kama mtu aliyekwama kwenye kuhesabu. Kisha yangu. Kumi na nane.

Chekacheka alijishika mbavu. "Yaani umepigana vita yote ile upate pungufu kuliko sisi?"

"Yangu imesomwa," nikamwambia.

Alicheka tena, lakini kidogo, na safari hii alikatiza mwenyewe. Akatazama safu ya alama. Akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, kama nadhani kazi yake bado iko juu ya kabati.

Dada alipiga kigelegele ambacho kiliwashtua wateja. "Kumi na nane inakuingiza kwenye mtihani?"

"Inaniingiza."

"Basi nyamaza sasa. Nakuomba, mdogo wangu. Nyamaza."

Na kweli nilinuia kunyamaza. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba na kazi yangu niliyorudishiwa, nikaifungua, nikakuta ni nyekundu kama imechinjiwa kuku. Kila ukurasa alikuwa amepita. Alinirekebisha hadi nukta. Alinikatalia mahesabu ya wastani, na alikuwa sahihi, niliyakosea. Mahali pamoja aliandika "Vizuri sana", halafu akafuta "sana". Nilisoma kila mstari wake nikitabasamu peke yangu. Nilifurahi kama mtu aliyejibiwa barua. Mtu mzima, mwenye macho mabovu, alikuwa amekaa na maneno yangu akagombana nayo moja moja.

Mpaka nikafika ukurasa wa nne.

Swali la saba la jaribio langu liliwaambia watoto: "Chora paa." Nililitunga bila kufikiri, nikiwa na maana ya paa la nyumba. Watoto wengi walichora nyumba. Wengi wengine walichora mnyama mwenye miguu myembamba na pembe, anayekimbia. Nilipoziona karatasi zao nilijipiga kofi la paji la uso, nikawapa alama wote, na nikaeleza kwenye kazi kwamba swali lilikuwa bovu na ubovu ulikuwa wangu. Nikabandika michoro yao hapo chini. Na mmoja wao, msichana asiyesema sana, hakuwa ameuliza mtu wala kulalamika. Alichora nyumba, akaiezeka bati kwa mistari iliyonyooka, halafu juu ya bati akamsimamisha mnyama, miguu minne, pembe zimegusa mwisho wa karatasi. Nilimpa alama zote na nikaandika kwamba huyu ametufundisha sote.

Juu ya mchoro huo Nusu alikuwa amepiga mkasi mkubwa mwekundu wa kosa, kwa nguvu hadi karatasi ikachanika kidogo. Pembeni aliandika: "Jibu sahihi ni moja. Unagawa alama ovyo."

Dada aliniita mara mbili nikamshike mteja kichwa, sikuitika. Alama alizonikata mimi ningeweza kuzimeza, nilishameza makubwa zaidi. Za yule mtoto zilikataa kushuka kooni. Nikafunga jalada, nikavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" dada akauliza, kitana mdomoni.

"Chuoni."

"Si umeshapita?"

"Mimi nimepita."

Koridoni hapakuwa na foleni. Mlango wake ulikuwa wazi, na kwenye mbao palibaki mabaki ya gundi. Nusu alinyanyua macho, akaniona, akakiweka kikombe mezani taratibu.

"Wewe tena. Umefaulu, umeingia mtihani, nimekusoma mpaka kichwa kikaniuma. Unataka nini?"

"Nimekuja kwa ajili ya paa, mwalimu."

Akakunja uso. "Paa gani?"

Nikavuta kiti, nikakaa kabla hajanikaribisha, nikamfungulia ukurasa wa nne.